Breki za Shemeji

Kigari kile kilikuwa na mlango matakoni. Sina namna nyingine ya kukieleza. Magari ya watu wenye heshima zao yana buti: mtu anafungua, anatia gunia lake, anafunga. Simca ya Budeba ilifunguka nyuma yote kwa pamoja, kioo na bati, ikabaki imeachama kama kuku mwenye kideri. Siku ya kwanza ilipoingia uani kwetu Mlandege, Iringa mjini, nilimwambia mume wangu, "Baba Tekla, hiki nacho umeletewa ukitoe minyoo?" Akacheka. Kalinga alicheka kila kitu. Wakati ule nilidhani ni tabia njema.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa uani kwetu, maana yake mimi ndiye niliyeishi gereji. Budeba alikuwa Msukuma wa Usangu. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakati malisho ya kwao yalipobana, na mwana akaongeza mpunga juu ya ng'ombe, na mashine ya kukoboa juu ya mpunga, mpaka akabaki hana analolitaka ila sifa. Na sifa alijua zilipo. Kule Mufindi mabwana wa mashamba ya chai walikuwa na mchezo wao kila kiangazi. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege, kati ya Nyololo na Igowole, walipanga mapipa juu ya majani, na gari moja moja likayazunguka huku mtu ameshika saa. Anayemaliza upesi bila kuangusha pipa anapewa kikombe. Miaka yote kikombe kilizunguka mikononi mwa mabwana wale wale. Mwaka ule wa sabini na tatu, lami ya barabara kuu ingali inanuka upya, wakatangaza kwamba na wananchi wanakaribishwa.

Budeba akakinunua kigari kwa daktari mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akakileta kwetu.

"Fundi," akasema, "nataka hiki kikimbie mpaka wazungu wale wanisalimie kwa Kisukuma."

"Kitakimbia, mzee. Dereva unaye?"

"Sina."

"Basi dereva yupo," mume wangu akasema. "Shemeji yangu."

Shemeji yake ni Joachim, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa anaendesha lori la kiwanda cha chai, anakaa kwa baba, Igowole. Mama alikwisha kufa. Baba alikuwa na kifua, akikohoa anashika ukuta. Wadogo zetu walikuwa shule, na kishamba chetu kilitoa mahindi ya kufika Krismasi tu. Shamba letu hasa lilikuwa miguu ya Joachim, mmoja kwenye klachi, mmoja kwenye breki. Nyumba nzima ilikula hapo. Nilimwambia Kalinga siku ile ile, "Ukimtia mdogo wangu kwenye mchezo huo, umtunze." Akaniambia atamtunza kuliko anavyonitunza mimi. Nikaona bora nisiulize ni kiasi gani.

Kazi ikaanza, nami nikaanza kuchukia. Kulitayarisha gari la mashindano, kumbe, ni kulivua nguo. Waling'oa viti vya nyuma. Waling'oa zulia, tairi la akiba, kipasha joto, vitambaa vya milangoni, mpaka kisahani cha majivu ya sigara. Kila kitu Kalinga alikipima kwa mkono kwanza, anatikisa kichwa, anasema, "Uzito, mama Tekla. Uzito ni adui." Maadui wote wakahamia sebuleni kwangu. Kiti cha nyuma kiliwekwa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kimejaa mafuta na manyoya ya mbwa wa daktari, na wageni wakakikalia. Mama mmoja wa Legio ya Maria, wa kanisani kwetu, alikuja na gauni jeupe akaondoka na doa jeusi pale ambapo mtu hawezi kuliona mwenyewe. Nilimwomba radhi. Akasema si kitu, na hakurudi tena.

Kisha wakanyoa kichwa cha injini ili ipumue kwa nguvu, ndivyo walivyosema. Wakakata bomba la moshi. Tangu hapo kigari kile kikiwashwa kilijamba, mtanisamehe, neno lingine halipo. Kilijamba asubuhi, kilijamba mchana watu wanakula, na Kalinga akisimama nyuma yake amefumba macho anasikiliza kama yuko kanisani. "Unaisikia hiyo?" ananiuliza. Mtaa mzima uliisikia. Kuku wangu waliacha kutaga. Tekla, mtoto wetu, alikuwa hajatimiza miaka miwili, akajifunza kuiga mlio ule kwa mdomo, na baba yake akafurahi kuliko siku aliposema neno la kwanza.

Chakula nacho kikawa petroli. Aliosha kabureta kwenye bakuli langu la mboga. Plagi alizilowesha kwenye kikombe ambacho baba yangu hunywea chai akija. Mikono yake haikutakata wiki hadi wiki, naye aliumega ugali kwa vidole hivyo hivyo na kuchovya kwenye mchuzi wa wote, grisi inaelea juu inametameta. Nikamtengea sahani yake. Akaniuliza kama nimekuwa mzungu. Mimi na Tekla tukaanza kula jikoni, mlango umefungwa.

Na wanaume! Sijui kwa nini gari likifunguliwa boneti wanaume huzaliana. Walijaa uani tangu jua halijapata joto, wanatema mate, wanakojoa kwenye migomba yangu, kila mmoja na shauri lake, na hakuna hata mmoja mwenye gari. Kitu kimoja tu walichofanya nilikipenda. Walichukua bomba la chuma la maji, wakalikunja, wakalichomelea ndani chini ya paa, ili gari likipinduka dereva asipondeke kichwa. Kwa bomba lile niliwapikia chai, tena ya maziwa.

Joachim alikuja kila Jumamosi kulijaribu gari, na akija yeye, utani haulali. Kwetu shemeji ni mtani wako, hilo halina mjadala. Anaweza kukuita mwizi wa kuku mbele ya padri. Anaweza kukuvua kofia msibani akaondoka nayo. Nawe huna ruhusa ya kukasirika, anayekasirika ameshindwa na wote watamcheka. Kalinga alikuwa bingwa wa mchezo huo, na Joachim hakuwa nyuma.

"Shemeji, usukani nimekukazia kwa ugali wa jana. Usiugeuze upesi, utamung'unyuka."

"Ugali wa nyumba hii haumung'unyuki, shemeji. Dada anaupika kwa hasira."

"Kiti nacho ukikalia vibaya kinang'ata. Nimekitolea meno ya bibi yako."

Watu wanagaragara kwa kicheko. Mimi utani sikuuchukia, nimekulia humo. Nilichokichukia ni kwamba Kalinga hakuwa na lugha nyingine. Ukimwuliza chumvi iko wapi, utani. Ukimwambia mtoto ana homa, utani kwanza, dawa baadaye. Nilikaa naye mpaka nikajifunza alama moja ya kunisaidia: akitania hukutazama machoni, meno yote nje. Akisema la kweli hutazama vidole vya miguu yake.

Mwisho zikabaki breki. Mafuta ya breki Iringa yalikuwa yameadimika, na Budeba alikwenda mwenyewe mpaka Mbeya kuyatafuta. Akarudi na kopo moja amelipakata mapajani njia nzima. "Fundi," akasema, "hili si la wateja wengine. Hili ni la Joachim." Kalinga akalipokea kwa mikono miwili. Akayamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwemo kwenye gari, meusi kama kahawa, akasema sasa tutaweka damu mpya.

Ijumaa jioni wale wenye mashauri wakaja na ndoo ya pombe ya komoni kuipongeza kazi. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi nikakuta sufuria langu la maziwa limetupwa kwenye ngazi, lina povu lililokaukia pembeni, na mche wangu wa sabuni umekatwa kipande. Nilifurahi. Nilidhani mume wangu amefua ovaroli.

Kesho yake tulisafiri. Joachim aliiendesha Simca taratibu nyuma ya lori la Budeba, tukapita Nyololo, tukashika njia ya vumbi, na breki hazikuwa na neno. Tulilala kwa baba. Jumapili baada ya misa ya kwanza tukaenda uwanjani.

Baridi ya Mufindi mwezi wa Julai haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai. Mabwana walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, wamejifunika blanketi za rangi, chupa za chai miguuni. Upande wa pili walisimama watu wetu wa Igowole, wanasalimiana "kamwene, kamwene" kila kona. Na Budeba alikuwa amewaleta jamaa zake kutoka Usangu, lori zima, wanawake wana shanga na vitenge vipya, na ngoma wamekuja nayo. Dada yake mkubwa, Ng'washi, mama mnene mwenye sauti nzito, alinishika mikono miwili akanisalimia, "Mwangaluka, mke wa fundi," kana kwamba gari nimelitengeneza mimi.

Magari ya mabwana yalikimbia kwanza. Mengine yaliangusha mapipa, moja lilizimika katikati, bwana akashuka amekunja uso akalipiga teke. Watu wakafurahi. Kisha wakaita jina la Budeba, na Joachim akaingia kwenye Simca, akajifunga mikanda ya turubai waliyomshonea, mmoja begani na mmoja kiunoni. Watu walimzunguka. Kalinga akainama dirishani.

"Shemeji," Joachim akamwuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "leo umenitilia nini humu?"

"Tairi la kushoto nimetia uji."

Kicheko.

"Na la kulia?"

"Uji pia, lakini wa mgonjwa. Hauna sukari."

Kicheko kikubwa zaidi. Wasukuma walikuwa wanatafsiriana.

"Na breki?"

"Breki nimekutilia maji ya sabuni," akasema. "Usizikanyage sana."

Uwanja ulilipuka. Joachim alipiga usukani kwa viganja. "Basi leo nitamaliza mbio nimetakata!"

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mume wangu, na nilimwona. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Wasioijua barabara ile pengine hawataelewa kwa nini watu walicheka vile. Maji ya sabuni ni jambo la kweli. Dereva akikaukiwa na breki porini, hana mafuta, anakoroga sabuni kwenye maji, anajaza, na pedali inasimama imara. Anashuka mlima kwa gia, mguu anaugusisha tu, anafika kwake. Hakuna dereva wa Mbeya na Iringa ambaye hakulifanya, na Joachim alilifanya na lori lake zaidi ya mara moja. Ndiyo maana utani ulikuwa mtamu. Lakini kuzunguka mapipa si kufika kwako taratibu. Ni kukanyaga kwa nguvu, kuachia, kukanyaga tena, mpaka vyuma vinawaka moto, na maji yakipata moto ule yanachemka. Yakichemka ni mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Haya sikusomea popote. Mtu aliyelala gereji miaka haamki mjinga.

Nikasukuma watu nikafika dirishani. "Joachim, shuka. Ni kweli."

"Aa, dada! Na wewe umeanza?"

"Shuka nakuambia! Nimeona sufuria langu lina povu!"

Nilipotaja sufuria, watu walishikana mabega kwa kucheka. Mke anamsemea mumewe kwa shemeji, na hilo nalo ni sehemu ya mchezo, limo tangu zamani. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo mchezo ulivyozidi kunoga. Machozi yalinitoka, na mwanamke mmoja jirani yetu wa utotoni akanionyesha kidole na kusema, "Mwoneni, analia kweli kweli, huyu fundi wa kutania!"

Nikamgeukia Kalinga. Nikamshika ovaroli kifuani. "Sema. Sema kama mtu mzima."

"Si nimesema?" akajibu. Na meno yakatoka nje.

Mpaka leo nayaona meno yale.

Budeba peke yake hakucheka. Alisogea, amevua kofia. "Fundi, utani tuweke kando. Kopo langu uliliweka?"

"Mzee Budeba, mimi ningelinywa?"

Jamaa wakacheka tena, na Budeba, mgeni kati ya watani wa watu, akaona haya kuuliza mara ya pili. Mwenye bendera alikuwa anaita. Ng'washi akanikumbatia kiuno akanivuta nje ya njia, kwa upole, anapapasa mgongo wangu. "Njoo, ng'wanawane, njoo mwanangu. Wanaume wakicheza, mwanamke hakai katikati. Atarudi."

Bendera ikashuka.

Nitasema ukweli ingawa unanichoma: kigari kile kiliruka. Kilikuwa chepesi, kinang'ang'ania majani kwa magurudumu ya mbele, kinageuka kwenye pipa kama mtoto anayekwepa fimbo. Mzunguko wa kwanza mabwana walisimama kwenye viti. Mwenye saa alimwonyesha mwenzake saa. Ngoma ya Usangu ikalia, wanawake wakapiga vigelegele, baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akipiga makofi, alipiga makofi. Kila Joachim alipofika kwenye pipa alikanyaga, na gari lilimtii. Mzunguko wa pili alikuwa upesi zaidi. Mimi nilikuwa nasali, na sala yenyewe ilikuwa moja tu: lizimike, Bwana, lizimike kama lile la mzungu.

Mwisho wa uwanja, upande wa magharibi, majani yanakwisha kwenye mfereji, na ng'ambo ya mfereji kulikuwa na visiki vya miti ya milingoti iliyokatwa. Pipa la kugeuzia lilikuwa hatua chache kabla ya mfereji. Joachim alilijia kwa mwendo wake wote, maana alikuwa ameliamini gari. Niliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka. Gari halikupunguza. Taa zikazima, zikawaka. Zikazima, zikawaka, zikazima, zikawaka, upesi upesi. Wengine walidhani ni madoido. Alikuwa anapampu pedali, mdogo wangu, anatafuta breki ambayo haikuwepo.

Walimtoa kupitia ule mlango wa nyuma, kwa sababu sehemu ya mbele yote ilikuwa imejikunja juu ya kisiki. Bomba la maji lilikuwa limemlinda kichwa. Mguu wa kulia, ule wa breki, ulibaki umebanwa chini, na ilibidi mabwana walete msumeno wa vyuma kutoka kiwandani. Joachim alikuwa macho muda wote. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kalinga alifika akihema, akasimama juu ya mfereji. Nilikuwa nimekishika kichwa cha mdogo wangu mapajani, damu imenilowesha mpaka kwenye viatu, na neno la kwanza kutoka kinywani mwa mume wangu, la kwanza kabisa, lilikuwa, "Lakini si nilimwambia?"

Kwenye hospitali ya misheni waliukata chini ya goti.

Kikao kilikaa kwa baba, Joachim aliporudi nyumbani na magongo. Budeba alifika wa kwanza. Alileta ng'ombe wa maziwa na mtamba, akawafunga mwenyewe nyuma ya nyumba, akaingia, akasema, "Gari ni langu na tamaa ilikuwa yangu. Niliuliza mara moja, nilipaswa kuuliza mara mbili." Akakaa. Baba mdogo Saulo, ndiye mwenye kikao, akamgeukia Kalinga.

Kalinga alisimama. Alivaa shati jeupe, mikono kwa mara ya kwanza imesuguliwa, kucha nazo. Akaeleza vizuri tu. Ile Ijumaa walikuwa wanaserebuka na komoni, akalipiga kopo teke kwa bahati mbaya, mafuta yote yakanywewa na mchanga. Ingekuwa aibu. Watu wote walikuwa wamekwisha kumsifu. Mbeya ni mbali na shindano ni kesho kutwa.

"Ungesema," baba mdogo akamwambia.

"Nilisema. Niulizieni watu. Nilisema mbele ya uwanja mzima, kwa kinywa changu, maji ya sabuni, usizikanyage sana. Neno kwa neno."

Baba mdogo akawatazama watu. Alisema? Alisema, watu wakajibu. Kila mmoja alikuwa amesikia. Nilitazama nyuso zao zikilegea, maana na wao walikuwa wamecheka, na mtu huyu alikuwa anawafungulia mlango wa kutokea pamoja naye.

"Joachim," baba mdogo akauliza, "shemeji yako alikuambia?"

Joachim alikuwa kwenye kitanda cha kamba, blanketi juu ya miguu. "Aliniambia, baba mdogo."

"Ukasemaje?"

"Nikacheka."

"Basi." Baba mdogo Saulo akapumua. "Utani hauna mahakama. Aliyetaniwa akacheka hana kesi. Hii ni ajali, na tumshukuru Mungu kwa uhai."

Nikasema, "Baba mdogo, mtu huyu alijua. Aliuvalisha ukweli nguo za utani makusudi, ili aseme na asisikiwe. Alitaka awe amesema. Hakutaka Joachim asikie."

"Benedicta," baba mdogo akaniambia, bila ukali, "mke hatoi ushahidi juu ya utani wa mashemeji."

Wali ukaletwa. Watu wakanawa. Ile hewa nzito iliyokuwa chumbani ikatoka, na Kalinga, alipoona imetoka, akasogeza kigoda chake karibu na kitanda. Akamtazama Joachim machoni.

"Shemeji, tazama upande wa faida. Sasa jozi moja ya soksi utaivaa miaka miwili."

Kisha Joachim akacheka. Ilimbidi. Shemeji yako akitania unacheka, na usipocheka umekasirika, na ukikasirika umeshindwa. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na chumba kizima kikacheka pamoja naye kwa raha ya watu waliosamehewa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa blanketi. Niliuona mkono wake chini ya blanketi, umekamata goti pale mguu unapokwishia, umelibana mpaka mishipa imesimama.

Nilinyanyuka na Tekla mgongoni na mkoba wangu mkononi, nikatoka nje, nikatapika nyuma ya jiko.

Baba alinifuata baadaye. Alishika ukuta akakohoa mpaka kikohozi kikaisha. "Mwanangu, lori la Budeba linaondoka. Mumeo anauliza mkoba wako."

"Mimi sirudi Mlandege, baba."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hapana."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

Alikuwa amechoka, mzee wa watu, sasa nyumba yake ina kijana mwenye magongo, na mimi naongeza vinywa viwili. "Sasa nitawaambia nini wale, Benedicta? Kwamba binti yangu ameacha mume kwa ajili ya utani?"

Ndani walicheka tena. Sauti ya Joachim ilikuwa juu kuliko zote, na ilikatika katikati, ikaanza upya. Baba alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza.

"Waambie hivyo hivyo," nikasema.

Baba akaokota mkoba wangu pale chini, akaubeba kwapani, akazunguka nyumba kwa mlango wa uani ili wale wa ndani wasimwone, akaenda kuuweka kwenye chumba cha marehemu mama.